Barua ya Rosa mezani kwa Shaaban Robert

Mwalimu wetu wa fasihi wa kidato cha tano alikuwa na mchezo wake. Ananakili ubaoni shairi kutoka Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi, kisha anashuka mshororo kwa mshororo akigonga chaki kwenye kila neno la mwisho: "Kina kiko wapi? Hapa je? Na hapa?" Darasa zima hoi kwa kicheko. Akifika chini anakung'uta vumbi la chaki mikononi, anatugeukia: "Haya, Shaaban Robert angeyaona haya angesemaje?" Jibu tulilijua, tukaitikia kwa pamoja: "Angelia!"

Nimeishi na jibu hilo miaka mingi, na kila ninavyozidi kumsoma mzee Shaaban ndivyo ninavyozidi kuona kwamba tulimsingizia.

Tuanze na kalenda. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Mwaka huo Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, alikuwa kijana wa miaka 18 asiye na kitabu hata kimoja. Riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka 1971. Kichomi na riwaya ya Kichwamaji zikaja 1974. Kwa hiyo mzee hakupata kusoma hata neno moja la huyu bwana. Lile zogo kubwa la ushairi nalo liliwaka yeye akiwa kaburini. Upande mmoja walikuwapo wanamapokeo, akina Saadan Kandoro na Jumanne Mayoka, walioshikilia kwamba utungo usio na vina na mizani usiitwe shairi. Msahafu wao ulikuwa Sheria za Kutunga Mashairi za Kaluta Amri Abedi, zilizotoka 1954. Upande wa pili alikuwapo Kezilahabi, pamoja na Mulokozi na Kahigi waliotoa diwani ya Malenga wa Bara mwaka 1976. Amri Abedi mwenyewe alifariki 1964. Yaani vita vilipiganwa kwa majina ya watu wawili ambao hawakuitwa kutoa ushahidi. Marehemu ni shahidi mtamu kwa kila upande: umlishe maneno utakayo, hakuna wakili wa kumhoji.

Hata hivyo, nusu ya mazungumzo ya watu hawa wawili tunayo kwa maandishi. Mwaka huohuo wa 1976 Kezilahabi aliwasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu yake ya uzamili, na kichwa chake kilikuwa Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya. Hebu litazame jina hilo taratibu. Nchi nzima inagombana juu ya mashairi, yeye mwenyewe ndiye mtuhumiwa namba moja, halafu anakwenda kumsoma mkuu wa washairi akipitia mlango wa riwaya. Mimi naichukua kama dokezo. Huenda kijana alijua kwamba kwenye vina hapakuwa na ugomvi wa maana kati yake na mzee, na kwamba neno zito lilikuwa kwingine, kwenye hadithi.

Basi na sisi tumalize haraka habari ya vina, twende kwenye uzito.

Fasili ya Shaaban Robert inajulikana na kila mwanafunzi aliyewahi kukariri kwa ajili ya mtihani: ushairi ni sanaa ya vina. Hapo ndipo mwalimu wangu alipoishia. Lakini mzee hakuishia hapo. Aliendelea kusema kwamba mbali na vina, ushairi una ufasaha wa maneno machache. Kwa nusu ya kwanza ya fasili hiyo Kezilahabi ameanguka mtihani. Kwa nusu ya pili amefaulu, tena kuliko wengi wenye vina vya kati na vya mwisho vilivyonyooka kama reli ya kati na ndani ya behewa hamna abiria. Nadhani mzee angemrudishia diwani yake akiwa ameandika pembeni, kwa mwandiko mzuri wa karani, kwamba maneno ni mazuri ila angeyatafutia jina jingine. Angeyaita insha fupi, pengine. Asingelia.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili, akifuata tafsiri ya Kiingereza ya FitzGerald. Khayyam huyu ni yule mshairi wa kale wa Uajemi, wa kikombe cha mvinyo, anayesema tumetoka mavumbini na mavumbini tunarudi, kwa hiyo mimina tunywe kabla bustani haijakauka. Mwislamu wa Tanga, mtunzi wa tenzi za maadili, aliketi na maneno hayo akayahudumia ubeti baada ya ubeti mpaka yakasimama kwa Kiswahili safi. Hakuyafukuza mlangoni kwa sababu yana harufu ya pombe na kukata tamaa. Aliyapa mkeka. (Na kwa wapenzi wa kugonga chaki: ubeti wa FitzGerald una mishororo minne, na ule wa tatu huachwa nje ya kina, peke yake, kama mtoto aliyekataa sare. Mzee aliutazama ubeti huo kwa macho yake na kalamu haikumdondoka.)

Kwa hiyo tunalo jambo moja la hakika juu ya Shaaban Robert kama msomaji. Alipokutana na mtu mwenye imani tofauti na yake, hakumjibu kwa tusi. Alimjibu kwa kazi. Jambo la pili ni kwamba alikuwa mtu wa barua: zile alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958 zimechapishwa kitabu kizima. Ukitaka kukisia jibu lake kwa Kezilahabi, usiwaze hotuba jukwaani. Waza karatasi, wino, salamu ndefu, na chini yake hoja moja tu.

Hoja hiyo ingekuwa ipi?

Kuna shairi moja ndani ya Kichomi, Dhamiri Yangu, ambalo ningelitanguliza mezani kwake. Msemaji anajiona kama mbuzi aliyefungwa shingoni kwa dhamiri yake, kwenye mti wa utu. Kamba ni fupi. Ameshazunguka mpaka amechora duara, majani yote yaliyo ndani ya duara ameyamaliza, mengine mabichi anayaona mbele yake na hayafikii. Na kamba yenyewe haionekani, kwa hiyo haikatiki. Mtu aliyekulia kijijini hahitaji kufafanuliwa shairi hili. Ile duara ya udongo mtupu kuuzunguka mti ameiona kila jioni akienda kumfungua mbuzi.

Sasa mti gani huo? Mti wa utu. Utu ndio mji mkuu wa Shaaban Robert, ndio jina la Utubora, mtu wake aliyeacha kazi ya mjini akaenda kulima. Kezilahabi amekwenda mpaka bustani ya mzee, akachagua mti uleule, akafunga mbuzi. Nina hakika mzee angeutambua mti wake hapohapo. Nina hakika pia angeuliza juu ya kamba: kwani utu unafunga? Kwake yeye utu ulikuwa kivuli cha kupumzikia. Huyu kijana anasema utu unakondesha. Wenye utu wanazunguka kwenye duara kavu huku wasio nao wanakula majani mabichi ya ng'ambo. Hapo tayari tumefika mbali kuliko vina.

Ukiyaangalia majina ya wahusika unakuta tofauti hiyohiyo. Kwa Shaaban Robert jina ni hatima. Katika Adili na Nduguze, Adili ni mwadilifu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani kwa husuda yao. Katika Kusadikika, Majivuno ni waziri mwenye majivuno. Ukishasikia jina umeshajua mtu ataishia wapi. Wasomi wameilaumu sana tabia hii, na lawama hiyo mimi huiona nyepesi. Ngano zetu ndivyo zilivyo, na mzee alijua anachofanya. Kezilahabi naye hakuitupa. Aliipindua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo kuna kijana anaitwa Tumaini, na Tumaini huyo anaishia kuua mtu na kuhukumiwa kifo. Rosa Mistika ni jina la Bikira Maria katika litania, waridi la fumbo, na amepewa msichana ambaye maisha yake yatakuwa kinyume cha litania yote. Aliyesoma seminari ya Nyegezi hakupewa jina hilo na bahati nasibu. Mzee angekuwa msomaji wa kwanza kuelewa utani huu, na labda msomaji pekee ambaye ungemuuma, kwa sababu zana ni yake.

Tufike kwa Rosa mwenyewe.

Watu hudhani hapa ndipo mzee angefunga kitabu kwa haya. Riwaya ina ulevi, uzinzi, utoaji mimba, wakubwa wanaowatumia mabinti wa shule. Serikali yenyewe iliiondoa mashuleni kwa muda, kabla haijarudi baadaye kama kitabu cha kiada. Lakini hao wanaomfanya Shaaban Robert kuwa mzee wa kuziba macho wamesahau nani aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Siti alikuwa mtoto wa Fumba, Unguja, muuza vyungu, aliyekuja mjini akaimba mpaka akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Mji haukumsamehe. Walimtungia wimbo wa kumcheka kuwa alikuja na kaniki chini, na kama si sauti angekula nini. Mshairi mkubwa wa maadili wa nchi hii alipotafuta mtu wa kumwandikia wasifu, hakumchagua sheikh wala gavana. Alimchagua mwanamke huyo aliyesemwa mitaani, akamwandika kwa heshima zote. Mtu wa namna hiyo hawezi kumfungia Rosa mlango kwa sababu ya sifa yake mbaya.

Ila Rosa hakuwa na sauti ya Siti. Na alikuwa na baba.

Nimefika mahali ambapo kwa maoni yangu vitabu vya watu hawa wawili vinagusana kabisa, ngozi kwa ngozi, na sijui kwa nini mwalimu wangu hakutuonyesha badala ya kupoteza chaki. Katika Utenzi wa Hati, Shaaban Robert anamwachia binti yake wasia. Utenzi unaanza kwa kumwita binti akae juu ya kiti ili aandike. Baba anasema, binti anaandika. Ni picha ya kawaida mpaka ukumbuke ni miaka ya 1940, na kwamba baba angeweza kuandika mwenyewe. Kuandika ndiko kulikompa mkate. Kalamu ameiweka makusudi kwenye vidole vya mtoto wa kike. Kisha anamfundisha mwenendo, heshima, kazi, ndoa, mambo ambayo binti wa leo atayasoma mengine akiitikia na mengine akikunja uso.

Fungua sasa Rosa Mistika. Hapa pia mwanzoni kuna baba, binti na karatasi. Rosa ameandikiwa barua na mvulana, Charles. Zakaria, baba yake, mlevi, anaikamata barua hiyo na kumpiga. Ndivyo elimu ya Rosa juu ya wanaume inavyoanza: kwa kipigo kutoka kwa mtu ambaye hana adabu ya kumfundisha mwingine. Tangu hapo anawaogopa wanaume, mpaka anapokwenda mbali na macho ya baba, na huko woga unageuka kuwa kiu. Mwandishi hasemi moja kwa moja kwamba kipigo kile ndicho kilichomuua. Anakiweka tu mwanzoni kabisa, halafu anatuacha tuhesabu.

Kwenye nyumba moja karatasi ni wasia, kwenye nyingine ni ushahidi wa mashtaka. Baba mmoja anampa binti kalamu, mwingine anamnyang'anya barua. Shaaban Robert angeisoma sura hiyo akiwa baba kabla ya kuwa mshairi, na sioni anavyoweza kumtetea Zakaria hata kwa nusu mshororo. Ningethubutu kusema angekuwa mkali kwa Zakaria kuliko Kezilahabi mwenyewe, ambaye anamwonea huruma kidogo, kama watu wa vijijini wanavyowaonea huruma walevi wao.

Tabu ingeanzia mwishoni. Rosa anajiua, na riwaya haiishii kaburini. Sura ya mwisho inatupeleka mbele ya Mungu, na baba na binti wanashtakiana pale. Kesi. Shaaban Robert alikuwa bingwa wa kesi. Kusadikika yote ni kesi moja ndefu: Karama ameletwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha uanasheria, mshitaki ni Majivuno, na mtuhumiwa anapewa nafasi ya kujitetea. Anasema, anasema tena, analeta habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema na kuambulia kifungo. Mwisho mfalme anaelewa. Karama anaachiwa, waliofungwa wanafunguliwa.

Hoja ya barua ya mzee, naiona, ingekuwa hii: kwa nini mwanangu umeipeleka kesi ya msichana huyu ahera? Mbona hukuisikiliza akiwa hai? Sioni akihoji uchafu wala lugha ya mitaani, ambayo Kezilahabi aliitetea wazi kwamba ndiyo lugha ya watu. Angehoji tarehe ya kusikilizwa shauri. Shaaban Robert aliamini, na aliamini kwa ukaidi, kwamba duniani kuna baraza linaloweza kukaa, mfalme akasikia, mtu akaponyoka kwa nguvu ya maneno yaliyopangwa vizuri. Kwa imani hiyo aliandika miaka yote ya ukoloni. Kumpa mtu haki baada ya kufa kwake kungekuwa kumdhulumu mara ya pili, machoni pa mzee. Kazimoto wa Kichwamaji, msomi anayejiua na elimu yake kichwani, angemchosha. Kwa Rosa angekasirika.

Kezilahabi hakukosa la kujibu, na hapa nakiri moyo wangu unayumba, kwa sababu kila nikiandika utetezi wa mzee nasikia sauti ya kijana nyuma ya sikio. Angemkumbusha kwamba Kusadikika, kwa maneno ya mzee mwenyewe, ni nchi iliyo angani. Angani huko wafalme husikia. Namagondo haiko angani. Namagondo kuna boti, mihogo, padri, pombe ya kienyeji, na msichana ambaye akipigwa hakuna baraza litakaloitwa, kwa sababu aliyempiga ni baba yake na nyumba ni yake. Mzee aliipeleka kesi ya Karama angani, yeye ameipeleka ya Rosa ahera. Wote wawili wameikwepa mahakama ya mwanzo ya wilaya. Ni nani wa kumcheka mwenzake?

Na mzee alijua vizuri kwa nini aliipeleka angani. Riwaya yake nyingine, Kufikirika, aliiandika 1946, ikachapishwa 1967, yeye miaka mitano kaburini. Karani wa serikali ya kikoloni hawezi kuandika kwamba bwana mkubwa wa wilaya ni Majivuno. Anaandika kwamba kulikuwa na nchi. Kwa hiyo habari ya Rosa Mistika kuondolewa mashuleni ingemfikia kama habari ya nyumbani. Tena ingemkera zaidi kwa kuwa waliofanya hivyo hawakuwa wakoloni. Namwona akiweka kando malalamiko yake yote juu ya sura ya mwisho na kuandika utetezi, kwa mtindo wa Karama, akiwauliza waheshimiwa: mmekiondoa kitabu, je, wale wakubwa waliomo ndani ya kitabu nao mmewaondoa?

Hilo lingekuwa jibu lake la hadharani. La faragha lingekuwa utenzi. Namjua, angeutunga. Angemwita Rosa kama alivyomwita binti yake, akampa kiti na kalamu, akaanza kumwambia mambo ambayo Zakaria hakumwambia. Ungekuwa utenzi mzuri, vina vimetimia, mizani imetimia, na ungemfikia Kezilahabi kwa posta, Ukerewe, na meli ya siku mbili kwa wiki.

Kezilahabi angeusoma wote. Ni mtu aliyemsoma mzee kwa kiwango cha kuandika tasnifu, asingeruka ubeti. Kisha angemrudishia swali moja, bila vina, nyuma ya karatasi ileile: yule binti wa kwanza pale kitini, aliandika yote aliyoambiwa?